Eti kubana bomba kunaongeza presha? Fundi na binamu yangu wamenichanganya

#1 Mwana wa Bangwe
Habari zenu wakuu. Nimejenga hapa Kigoma mjini, upande wa Gungu. Tanki la lita elfu moja liko juu ya mnara wa tofali, kama mita tatu juu ya shawa. Kutoka tanki mpaka bafuni, ukifuata kona zote, ni kama mita 40 za bomba la nusu inchi. Shawa inatoa maji ya kusinzia. Kujisuuza povu tu kichwani, chai mezani imeshapoa.

Fundi kasema bomba ni refu mno, kwa hiyo tuweke dogo zaidi ili maji yabanwe na presha ipande. Binamu yangu anayesomea uhandisi kasema fundi anataka kula hela yangu tu, tatizo ni kwamba maji yanavurugika ndani ya bomba na yangetulia yangefika bila shida. Nikamuuliza yanavurugikaje wakati kwenye koki yanatoka kama kioo? Akaanza kunichorea herufi za Kigiriki.

Nani mkweli hapo?

#2 Kifaranga wa Katubuka
Naweka kambi. Karanga ninazo.

#3 Fundi Koki
Mkuu, huyo fundi mwenzangu yuko sahihi, wasomi wasikutishe. Chukua mpira wa kumwagilia, ziba mdomo nusu kwa kidole gumba. Maji yanaruka mpaka kwa jirani. Hiyo ndiyo presha. Hilo nalo linahitaji chuo?

#4 Ticha Mstaafu
Fundi Koki, kidole hakidanganyi, ila unakisoma vibaya. Ukiziba mdomo, maji yanayopita kwenye mpira mzima yanapungua. Yakipungua, msuguano wa njiani nao unapungua, ndipo presha inabaki nyingi nyuma ya kidole na kuyarusha maji. Kasi imepanda, lita zimeshuka. Kinga ndoo, zungusha saa, utaona ndoo inachelewa kujaa.

Halafu kidole kinabana sentimita moja. Wewe unataka kubana mita 40. Hapo msuguano unaupata njia nzima na presha ya mwisho inakufa kabisa.

Binamu naye ana nusu ya ukweli. Mtiririko ni wa aina mbili. Kuna mtiririko tulivu, maji yanakwenda kwa matabaka, la katikati mbio zaidi, la ukutani limekaribia kusimama, na hakuna anayevuka kwa mwenzake. Kuna mtiririko wa vurugu, vizingia (maji yanayojizungusha) vidogo na vikubwa vinatupa maji ya katikati ukutani na ya ukutani katikati. Huo wa pili unakula nguvu nyingi zaidi. Kwenye mtiririko tulivu ukizidisha kasi mara mbili, upotevu wa presha unazidi mara mbili. Kwenye vurugu unakaribia mara nne.

#5 Binti wa Ujiji
Shikamoo Ticha. Sasa maji yanajuaje kama yanatakiwa kutulia au kuvurugika?

#6 Ticha Mstaafu
Marahaba binti. Ni mvutano kati ya mwendo wake na mnato wake. Mwendo unataka kuendeleza kila kitikisiko, mnato unataka kukizima. Chukua kasi, zidisha kwa kipenyo cha ndani cha bomba, gawanya kwa mnato wa maji (ule wa kinematiki, yaani uliogawanywa kwa densiti, ambao kwa maji ya nyuzi 25 ni kama mita za mraba 0.0000009 kwa sekunde). Jibu halina kipimo, linaitwa namba ya Reynolds. Ndani ya bomba, chini ya 2,000 hivi ni utulivu. Kuanzia 4,000 kwenda juu ni vurugu. Katikati maji yana tabia ya kigeugeu.

Mhandisi Osborne Reynolds alilionyesha hilo mwaka 1883 kule Manchester, Uingereza. Alitumbukiza bomba la kioo ndani ya tanki lenye kuta za kioo, akaingiza rangi nyembamba kwenye mdomo wa bomba. Maji yakienda polepole, rangi ilinyooka kama uzi mpaka mwisho. Akifungua zaidi, ghafla ule uzi unatetemeka, unakatika na rangi inajaa bomba zima. Akamulika kwa cheche ya umeme, akaona kumbe ile rangi iliyotapakaa ni vizingia vinavyojikunja.

#7 Mpakato
Ticha kwa heshima zote, Reynolds hakuwa wa kwanza kuona. Hagen, mhandisi wa Kijerumani, alishaandika juu ya mtiririko bombani mwaka 1839, akagundua unabadilika tabia. Na hata hilo jina la namba Reynolds hakujipa mwenyewe, lilipendekezwa na mwanafizikia wa Kijerumani, Sommerfeld, mwaka 1908. Tumpe kila mtu haki yake.

#8 Ticha Mstaafu
Sawa kabisa kuhusu Hagen. Ila kuunganisha kasi, kipenyo na mnato kwenye namba moja inayotabiri mabadiliko, hiyo ni kazi ya Reynolds.

#9 Injinia wa Mwandiga
Tuache historia tuweke hesabu mezani. Nusu inchi, tuseme kipenyo cha ndani ni milimita 15. Shawa ya kuogea mtu mzima, lita 10 kwa dakika. Kasi inakuja mita 0.94 kwa sekunde. Namba ya Reynolds ni kama 16,000. Vurugu tupu, hakuna mjadala.

Msuguano kwa mita 40 unakula presha sawa na kimo cha maji cha mita 3.4. Mwana wa Bangwe anazo tatu tu! Bomba peke yake limemaliza kila kitu, hata shawa haijadai chake.

Sasa weka inchi moja, ndani milimita 25, lita zilezile. Reynolds ni kama 9,500, bado vurugu. Lakini upotevu unashuka mpaka mita 0.3. Mara kumi na moja pungufu. Kwa hiyo mkuu, fundi kakuambia kinyume, na binamu kakuambia kisichowezekana. Ili maji yatulie kwenye hilo bomba lako inabidi upitishe chini ya lita moja na nusu kwa dakika. Hayo ni ya kunawa, siyo ya kuoga.

#10 Kifaranga wa Katubuka
Kwa hiyo kuoga ni vurugu. Mwanangu mdogo alishalijua hilo zamani 😂

#11 Mwana wa Bangwe
Asanteni. Nimemwonyesha binamu, kasema hesabu ya Injinia ni sawa ila yeye anasisitiza: kama maji YANGETULIA kwa kasi ileile, upotevu ungekuwa nusu mita tu. Kweli au ananipiga kamba?

#12 Injinia wa Mwandiga
Kweli kwenye karatasi. Fomyula ya mtiririko tulivu ukiilazimisha hapo inatoa nusu mita. Ila nani atayatuliza maji kwenye Reynolds 16,000 yenye elbo, geti valvu na koki? Vitikisiko viko kila hatua.

#13 Mpakato
Inawezekana lakini. Ile 2,000 siyo ukuta. Reynolds mwenyewe, kwa kuyaacha maji yatulie vizuri tankini na kuutengeneza mdomo wa bomba uwe kama tarumbeta, alifika karibu 13,000 maji bado yametulia. Waliomfuata wamefika 100,000 maabara. Kinachohesabika ni ukubwa wa kitikisiko kinachoingia.

Na hii ndiyo ninayoipenda: kifaa chake kimehifadhiwa Manchester, na walipokirudia miaka ya karibuni vurugu ilianza mapema kuliko yeye alivyopata. Wanasema ni mtetemo wa magari ya mtaani. Enzi zake zilikuwa farasi.

#14 Bodaboda Mwanga Sokoni
Kwa hiyo shawa ya jamaa tumeiharibu sisi wa boda? Haya, tutapita taratibu.

#15 Fundi Koki
Nimesoma hesabu ya #9 na sijashawishika. Kwa hesabu yenu wenyewe, mita tatu zingempa lita tisa na ushee badala ya kumi. Lita tisa siyo maji ya kusinzia! Huyo tatizo lake ni HEWA. Bomba limepanda ukutani, likavuka dari, likashuka. Pale juu hewa imejikusanya, inaziba njia nusu. Nimetoboa mabomba ya namna hiyo mtaani mpaka nimechoka. Weka kitoa hewa pale juu.

#16 Injinia wa Mwandiga
Kimo cha 3.4 ni cha bomba tupu, Fundi. Ongeza elbo, valvu, na tundu za shawa zenyewe. Lakini hoja ya hewa siikatai, bila kuona mabomba hatuwezi kuitupa.

#17 Mama Migebuka
Hamjauliza ni bomba la aina gani. Marehemu mume wangu alikuwa na duka la vifaa, kitu kimoja nilikijua: yale mabomba meupe mazito ya kuchomelea kwa moto, yanayoandikwa milimita 20, hiyo 20 ni ya nje. Lile la ukuta mnene lina ukuta wa milimita 3.4. Ndani inabaki 13.2. Watu wananunua wakidhani wamepata nusu inchi kamili.

#18 Injinia wa Mwandiga
Mama Migebuka umetutoa gizani. Kutoka 15 kwenda 13.2 upotevu unakaribia maradufu, kwa sababu kipenyo kinaingia kwa kipeo cha karibu tano. Na pale fundi anapochomelea, plastiki inayoyeyuka hujikunja kwa ndani, inaacha pete. Chukua kipande ulichokata, chungulia kuelekea jua, utaiona ile pete kama fizi iliyovimba. Kila kiungo kina yake.

#19 Fundi Koki
Hiyo pete ni ya fundi anayeshikilia mashine mpaka moshi utoke. Wengine tunahesabu sekunde.

#20 Sista wa Kitete
Nachungulia kutoka Tabora, mimi ni muuguzi. Mmenikumbusha Poiseuille, yule daktari wa Kifaransa tuliyemkaririshwa chuoni. Yeye alikuwa anatafuta damu inavyopita kwenye mishipa midogo, miaka ya 1840. Kwetu ni kazi ya kila siku: mama anatoka damu baada ya kujifungua, tunakimbilia kanula (kile kijirija cha dripu kinachoingia mshipani) ya kijivu au ya chungwa, nene na fupi. Ile ya bluu hata ukining'iniza dripu darini haimuwahi. Tulifundishwa nusu kipenyo kikizidi mara mbili, mtiririko unazidi mara kumi na sita.

Na mnajua mnapopimwa presha tunasikiliza nini? Mkanda ukibana mkono kabisa, kimya. Ukilegea kidogo, damu inapenya kwa kasi kwenye mshipa uliobanwa, inavurugika, ndiyo zile sauti za du-du-du. Daktari wa Kirusi, Korotkoff, alizieleza mwaka 1905. Ukiuachia mkanda wote damu inatulia, kimya tena.

#21 Mpakato
Sista, hizo sauti bado zina ubishi. Wengine wanasema ni ukuta wa mshipa unaofunguka na kujifunga kwa kishindo, vurugu ya damu ni nyongeza tu.

#22 Sista wa Kitete
Sawa kaka, mimi nasikia du-du naandika 120. Wabishi wabishane.

#23 Ticha Mstaafu
Hiyo kumi na sita ya Sista ni ya mtiririko tulivu peke yake. Kwenye kanula kubwa maji yakifunguliwa yote, utulivu unaanza kupotea na faida inapungua kidogo. Bado nene ni bora.

#24 Mvuvi Kibirizi
Mimi sikusoma, naomba kuelekezwa. Alfajiri tukirudi na dagaa, Tanganyika inalala kama meza, hata karai ukiliweka halitikisiki. Hiyo ndiyo mtiririko tulivu mnayosema?

#25 Injinia wa Mwandiga
Hapana kaka, uso kulala na maji kutiririka kwa utulivu ni vitu viwili. Nenda Malagarasi sehemu ambayo mto umetulia, unaona unateleza kimya. Tuseme kina mita mbili, kasi nusu mita kwa sekunde: namba inafika milioni moja. Kwenye mito na mifereji mpaka wa kuanza kuvurugika uko kwenye mamia tu. Ndiyo maana maji yake ni ya kahawia. Ule udongo ungeshakaa chini kama vizingia visingekuwa vinaunyanyua kila wakati. Ukifika ziwani vizingia vinachoka, udongo unazama.

#26 Mvuvi Kibirizi
Hapo nimekuelewa. Maji ya Malagarasi yakiingia ziwani unaona kabisa yanavyoachia rangi.

#27 Binti wa Ujiji
Na moshi wa udi? Nikichoma chumbani unapanda umenyooka kama fimbo, halafu kama kiganja hivi juu ya chetezo unaanza kujinyonganyonga, ukifika darini umetapakaa. Nikifunga madirisha yote ni vilevile, unachelewa kidogo tu.

#28 Ticha Mstaafu
Umeona jaribio la Reynolds bila bomba. Moshi wa moto unapanda ukiongeza kasi, namba inakua kadiri unavyokwenda juu, mpaka unafika mahali mnato wa hewa haukizimi tena kitikisiko.

#29 Mpakato
Au ni hewa ya chumba tu. Hata ukifunga madirisha, mtu akipumua inatosha.

#30 Ticha Mstaafu
Hewa ya chumba inaamua utaanzia wapi. Kwamba utavurugika, utavurugika.

#31 Kipara wa Simba
Hii inahusu na mpira? Ile jabulani ya Kombe la Dunia 2010 makipa walilia sana.

#32 Mpakato
Inahusu sana. Mpira ukiwa na uso laini, tabaka la hewa linaloshikana nao hubaki tulivu na huachia mapema, nyuma unabaki mkia mpana wa vurugu unaoukokota. Uso ukiwa na mikwaruzo, lile tabaka linavurugika, linang'ang'ania mpira zaidi, mkia unakuwa mwembamba na mpira unaenda mbali. Ndiyo siri ya vishimo vya mpira wa gofu. Jabulani ilikuwa na vipande nane tu, laini mno, kwa hiyo yale mabadiliko yaliangukia kwenye kasi ileile ya mashuti ya faulo. Unayumba hewani.

Angalieni basi: vurugu hapo inaPUNGUZA ukinzani. Binamu wa Mwana wa Bangwe asilichukulie neno hilo kama ugonjwa.

#33 Kipara wa Simba
Kumbe! Basi kipa wa Yanga tumsamehe.

#34 Mzee wa Mawese
Nimesoma wote kimya kimya. Nina swali la riziki. Nina mashine ndogo ya kukamua mawese huku Kigoma vijijini. Natoa mawese kwenye pipa kwenda jingine kwa pampu ya maji na mpira wa inchi moja wa mita 40. Mchana yanakwenda. Asubuhi ya kiangazi, Juni au Julai, pampu inavuma tu. Mawese hayana fujo hata kidogo, yanatoka yamenyooka. Sasa kama utulivu unapunguza upotevu, mbona pampu inashindwa?

#35 Injinia wa Mwandiga
Mzee wangu, shikamoo, swali lako ndilo bora kuliko yote humu. Mawese ya nyuzi 40 yana mnato kama mara hamsini ya maji, ukipima kinematiki. Kwa lita 10 kwa dakika kwenye inchi moja, Reynolds haifiki hata 200. Utulivu mtupu. Na upotevu? Mita 3.1 za kimo. Maji kwenye bomba lilelile, yakiwa yamevurugika, yanapoteza 0.3. Mtiririko tulivu wa kitu kizito unakula mara kumi ya vurugu ya kitu chepesi.

Na hiyo ni ya nyuzi 40. Asubuhi ya baridi sehemu ya mawese imeshaganda kuwa punje, mnato unapanda kupita hapo, na yanakuwa kama uji hivi, hayaendi mpaka usukume kwa nguvu ya kutosha. Pasha pipa kwanza. Kisha weka mpira mnene zaidi: kutoka inchi moja kwenda mbili, upotevu unashuka mara kumi na sita.

#36 Fundi Koki
Kupasha sawa. Ila shida yake kubwa ni pampu yenyewe. Hiyo ya maji inarusha kwa mzunguko, kitu kizito kinaizidi nguvu. Anunue ya gia, inayokamata mafuta na kuyasukuma.

#37 Mnyamwezi Asali
Naunga mkono, huku Tabora asali hatuthubutu kuipeleka na pampu ya maji. Ukimimina asali kutoka juu inajikunja yenyewe kwenye ndoo kama kamba inayopangwa, mduara juu ya mduara. Kitu cha hivyo hakipulizwi na panga la pampu.

#38 Mama Migebuka
Mzee wa Mawese, dumu la lita 20 unatoa bei gani?

#39 Mpakato
Kwa mwenye bomba la maji kuna ujanja mwingine haujatajwa. Mwaka 1948 mtafiti aitwaye Toms alionyesha kuwa chembe chache sana za polima ndefu (molekuli kama minyororo), sehemu chache kwa milioni, zinapunguza ukinzani wa mtiririko wa vurugu. Bomba la mafuta la Alaska limetumia njia hiyo tangu 1979. Na utomvu wa bamia umeshajaribiwa, nao unafanya kazi.

#40 Kifaranga wa Katubuka
Mwana wa Bangwe, tia mlenda kwenye tanki. Tatizo limekwisha, na mboga umepata.

#41 Mwana wa Bangwe
Mke wangu kasoma hiyo #40, kasema nikithubutu nihamie kwa Mpakato.

#42 Ticha Mstaafu
Asithubutu. Mlenda unaoza, na maji ya tanki yananywewa. Hata polima za kiwandani zinakatikakatika zikipita kwenye pampu, unalazimika kuongeza tena njiani.

#43 Mzee wa Mawese
Dumu njoo inbox mama. Fundi Koki, hiyo pampu ya gia, mawese yangu yana makapi kidogo na mchanga wa kuoshea chikichi. Haitakatika meno?

#44 Fundi Koki
Itakatika. Weka chujio upande wa kunyonya.

#45 Injinia wa Mwandiga
Upande wa kunyonya? Na mawese mazito? Chujio litabana, pampu itavuta hewa, utarudi kulekule kwenye kuvuma. Chuja kabla hayajaingia kwenye pipa.

#46 Fundi Koki
Injinia, wewe umeshawahi kuchuja mawese ya Julai kwa kitambaa? Yanakaa juu ya kitambaa kama ugali. Chujio pana, tundu kubwa, upande wa kunyonya.

#47 Injinia wa Mwandiga
Ndiyo maana nimesema apashe kwanza.

#48 Mzee wa Mawese
Kuni mtaleta ninyi?